Anayepiga Hodi Haulizwi Miaka

Mwanangu alikuwa akipiga hodi jikoni kwangu. Si jikoni kwa jirani wala kwa shangazi. Jikoni kwangu mimi niliyemzaa, katika nyumba ambayo chumba chake nilikipaka rangi kwa mkono wangu. Alikuwa akisimama mlangoni na soksi zake nene, anasema hodi, anangoja. Nami nageuka na mwiko mkononi nasema karibu, maana sina lingine la kusema. Anaingia, anachukua glasi ya maji, anashukuru. Jamani, mtoto gani anamshukuru mamake kwa maji ya bomba?

Mambo yalikuwa hivi. Nilipokuja Uingereza nilimwacha Mombasa kwa mamangu, angali mtoto wa kubebwa mgongoni akichoka. Karatasi za kumleta zilichukua muda ambao sitaki hata kuukumbuka. Kila nikidhani zimekamilika, wanataka nyingine. Miaka yote hiyo tulikuwa mama na mwana wa simu. Alipokuja hatimaye, nilikuwa nimemnunulia nguo za kulalia zenye picha za sungura, kwa kukisia tu. Nikasimama pale uwanja wa ndege wa Birmingham naangalia chini, kwenye kimo cha yule niliyemwacha, na sauti ikanisalimia kutoka juu. Shikamoo, mamii. Alikuwa amenipita kimo. Nguo za sungura nilizificha kabatini kabla hajaziona, kisha nikaingia bafuni nikafungua bomba ili asinisikie nikilia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wangu mimi alikuwa na mwaka na zaidi nyumbani, na jembe sijampa. Ningempaje, nami nilikuwa namwogopa? Alikuwa na adabu ya kuumiza roho. Anatandika kitanda, anakula kilichopo, hasemi hataki. Sikuwahi kumkaripia hata mara moja, kwa sababu mgeni hakaripiwi. Wenzangu kazini walikuwa wakilalamika juu ya mabinti zao wanaobamiza milango, nami nawasikiliza kwa wivu. Laiti wangu angebamiza mlango.

Kazi yangu ni kuendesha basi. Ndiyo, lile la ghorofa, linalopita Soho Road kwenye maduka ya vitambaa na vibanda vya mahindi ya kuchoma, na kama mtu anashangaa kuniona na hijabu yangu nyuma ya usukani, ashangae huku ameketi, mradi atafika aendako. Kazi hii imenifanya hakimu wa umri wa watu. Kila siku kuna mmoja anapanda, ndevu ndiyo zinachomoza, anaomba nauli ya mtoto, nami niamue papo hapo kama ni mtoto kweli au ni mtu mzima anayenifanya mjinga. Zamani nilikuwa nabishana nao hadi abiria wanapiga kelele. Kisha mwanangu akaja na urefu wake ule, na siku moja nikamwona dereva mwenzangu akimpima kwa macho, juu mpaka chini, kama anayepimwa ni mwizi. Tangu siku hiyo anayesema ni mtoto, kwangu ni mtoto. Apite akae.

Sasa ikawa mwezi wa kumi. Huku Northfield tunakokaa, mwezi huo maduka ya barabara kuu yanajaa maboga. Nilipokuwa mgeni niliyaona rahisi, nikanunua moja nikalipika kwa tui la nazi; lilikuwa maji matupu, hata chumvi ilikataa kukolea. Kumbe si ya kula, ni ya kuchongwa macho na meno. Jioni ya mwisho wa mwezi watoto wa mtaa wanajivika kama majini na wafu, wanakwenda nyumba kwa nyumba, na kila mlango wanapewa peremende. Mimi sikuwa nashughulika nayo. Dini yangu haina hayo, na jioni ile nilikuwa naomba zamu kusudi nisiwepo.

Mwanangu aliniuliza habari yake kwa kuzunguka, kama mgeni anavyouliza chakula kitaiva saa ngapi. Alisema wasichana wenzake shuleni wanasimuliana walivaa nini walipokuwa wadogo, mmoja alikuwa nyuki, mwingine mchawi, na yeye anabaki kusikiliza tu. Akauliza ni kweli hapa watu wanapiga hodi nyumba za watu wasiowajua na wanapewa peremende? Nikamwambia ni kweli. Akasema ala, akaosha kikombe chake. Lakini mimi nimeendesha basi vya kutosha. Namjua mtu aliyebonyeza kengele halafu akaona haya kushuka.

Nikakumbuka na mimi nilivyokuwa. Mombasa siku ya Idi tulikuwa tukitoka na magauni mapya, mlango hadi mlango, kudai mkono wa Idi, vijisenti vya sikukuu. Hatukuwa tunaomba, tulikuwa tunadai. Hadi Idi moja, mama mmoja wa mtaa wetu akanitazama akacheka, akasema, "Wewe nawe, si ushakuwa mkubwa?" Akawapa walio nyuma yangu. Nilirudi nyumbani na gauni langu jipya, na sikutoka tena Idi iliyofuata.

Kwa hiyo nikamwambia mwanangu aende. Nilimwekea masharti: hakuna majini, hakuna damu, na hakuna kujifunika shuka jeupe, kwa sababu shuka jeupe ni sanda na mimi sitaki mikosi ndani ya nyumba. Alicheka, mkono mdomoni. Akaniuliza kama anaweza kulichukua boksi la mashine ya kufulia lililokuwa kwenye ngazi. Akajifungia nalo chumbani kwake kila jioni, na mimi nikipita nasikia mkasi.

Hapo ndipo bibi wa upande wa pili wa barabara alipoingia katika kisa hiki. Ni mstaafu, anaishi peke yake, ana ua wa majani uliokatwa ukanyooka kama meza. Aliandika kwenye kundi la simu la mtaa wetu kwamba mwaka huu mlangoni kwake waje watoto wasiozidi miaka kumi na miwili tu. Mwaka uliopita vijana wakubwa walibeba bakuli zima la peremende na kulipiga teke boga lake. Hayo yalikuwa kweli, boga nililiona mwenyewe. Watu wakamwunga mkono, kila mmoja na kidole gumba chake. Bibi hakuishia hapo, akabandika na karatasi mlangoni, herufi kubwa, uione kutoka barabarani.

Mwanangu aliiona akitoka shule. Akaja jikoni, hodi, karibu, akasimama na mkoba bado uko begani. Alisema hatakwenda tena.

"Haidhuru, mamii," akasema. "Mimi nshakuwa mkubwa."

Wallahi neno lile lilinichoma. Siku ninaondoka Mombasa kila mtu alimwambia asilie, yeye ni mkubwa; na mimi nilimwambia hivyo hivyo. Bibi yake, mamangu, alipougua akaambiwa asaidie, yeye ni mkubwa. Karatasi ziliporudishwa nikamwambia kwa simu avumilie, yeye ni mkubwa. Umri wote mkubwa, na udogo wake sikuuona, uliishia kwenye simu inayokatika. Mara moja tu ndiyo ameomba awe mdogo, tena kwa kuzunguka, na karatasi ya mlangoni imemjibu. Nilichotaka ni kitu kimoja: jioni moja awe mtoto, nami nikiwepo kumwona.

Alipoingia kuoga nilipeleka nguo chumbani kwake, nikaliona boksi. Lilikuwa basi. Basi la ghorofa, limepakwa rangi, na namba ya njia ninayoendesha, matundu mawili ya kupitisha mikono, na kamba za kuvalia mabegani. Kwenye dirisha la mbele alichora dereva mwenye hijabu ya kijani. Hijabu hiyo ninayo. Na pale juu panapoandikwa basi linakokwenda, aliandika Nyumbani.

Nikatoka pale hasira zinanichemka. Nikachukua simu nimwambie dada yangu Mombasa, nikabonyeza sauti, nikamwaga yote. Nilisema bibi huyu ni mchoyo, mkono wa birika, peremende za dukani anazilinda kama dhahabu ya babake. Nilisema roho yake imenyooka kama ua wake, haina hata jani la kujikunja. Nilisema boga limepigwa teke na vijana wengine, mwanangu anahusikaje? Na nikamalizia kwa sauti ya kuhutubia mkutano: kwetu sisi anayepiga hodi haulizwi miaka. Nikatuma. Nikaangalia.

Nilikuwa nimetuma kwenye kundi la mtaa.

Nikatafuta pa kufutia, na kabla sijapapata watu walikuwa wameshasikiliza. Hawakuelewa kitu, lakini hasira haihitaji mkalimani. Mmoja aliweka alama ya kuuliza. Kisha bibi mwenyewe akaandika, kwa upole uliozidi kunitia aibu, akiuliza kama maneno yale yanahusu tangazo lake, na kama kuna mtu anayeweza kumwambia yanasema nini. Nikaanza kufikiria kuhamia Castle Vale, ng'ambo ya pili ya mji kabisa.

Simu ikalia ujumbe, huu wangu peke yangu. Ulitoka kwa mzee wa Kisingasinga wa nyumba ya pembeni. Nilimjua kwa kilemba chake na kupungiana mikono tu, sikuwahi kufikiri kama anajua neno moja la Kiswahili. Nikafungua sauti yake, nikasikia Kiswahili cha Kenya bara, kimetulia.

"Mama, pole," alisema. "Sauti yako imefika baraza si yake. Mimi ni mtoto wa Nakuru, nimesikia yote. Mkono wa birika sijausikia tangu nitoke nyumbani."

Kisha akacheka mpaka akakohoa. Nilimpigia hapo hapo, nikamwamkia, nikamwomba anisitiri. Akaniambia nimwachie. Baada ya muda nikaona ameandika kwenye kundi, kwa Kiingereza, kwamba mama anaeleza desturi ya kwao: mtu akifika mlangoni anapiga hodi, mwenye nyumba anajibu karibu, na anayepiga hodi haulizwi ana miaka mingapi. Basi. Birika, dhahabu ya baba, ua usio na jani la kujikunja, vyote alivimeza. Nikamwambia mzee, lakini hata hilo si kweli kabisa, mimi mwenyewe niliulizwa.

"Najua, hata mimi niliulizwa," akasema. "Lakini nshaliandika. Sasa itabidi liwe kweli."

Bibi alisoma, karatasi akaiacha mlangoni.

Jioni yenyewe sikuwa nimeomba zamu. Nikamwambia mwanangu avae basi lake. Akakataa kwa adabu zake zile, akasema ana masomo. Nikamwambia mimi ni dereva, siwezi kuliacha basi langu gereji siku ya kazi, na kama halivai yeye nitalivaa mimi, watu wa mtaa waone. Akaniangalia kuona kama natania. Sikuwa natania. Akalivaa.

Tulianza kwa mzee wa Nakuru, aliyekuwa mlangoni tayari kama mwenye harusi. Alimuuliza hili basi la wapi, akajibiwa la nyumbani, naye akampa peremende viganja viwili. Tukaendelea. Mimi nilikuwa nangoja kwenye geti la kila nyumba na yeye anakwenda mlangoni. Wengi walicheka wakampa, wengine wakataka kumpiga picha. Kisha nyumba moja, baba mmoja akamtazama juu mpaka chini, yale macho ninayoyajua, akamuuliza, yeye si mkubwa mno kwa mambo haya? Akampa peremende moja, kwa ncha za vidole. Mwanangu akarudi kwangu na mabega yamelegea ndani ya boksi. Nikamwambia twende nyumbani, nimechoka, nikanywe chai.

"Bado ile nyumba," akasema.

Alikuwa anaitazama ya bibi. Nikamwambia karatasi bado ipo mlangoni. Akasema anaiona. Akavuka barabara, na mimi nikavuka nyuma yake, nikabaki getini moyo unanipiga kama mimi ndiye niliyevaa boksi.

Yale maneno ya Kiingereza wanayosema watoto mlangoni aliyajua, jioni nzima alikuwa ameyasema vizuri. Lakini pale mbele ya karatasi yenye herufi kubwa yalimkimbia. Nilimwona akisimama. Kisha nikasikia sauti ile ile ya jikoni kwangu.

"Hodi."

Kimya. Akasema tena. Kimya. Kwetu hodi ni tatu; ya tatu ikikosa jibu unaondoka bila kinyongo, wenyewe hawapo au hawataki. Nilitamani aicheleweshe ile ya tatu. Akaisema, akangoja, akaanza kugeuka taratibu, basi linakwaruza ukuta.

Mlango ukafunguka. Bibi alikuwa amesimama na miwani juu ya kichwa na bakuli kifuani. Alimtazama, akatazama karatasi yake mwenyewe, akafungua mdomo akalitamka lile neno polepole, kama mtu anayeingiza mguu kwenye maji baridi, akakaza sauti pasipostahili.

"Karibuuu."

Sasa, mwanangu akiambiwa karibu anajua jambo moja tu la kufanya. Alilivua basi, akanirudia getini akanikabidhi. Akarudi, akavua viatu, akavipanga ubavuni mwa ngazi, akamwamkia shikamoo, akaingia ndani. Bibi akanitazama, nami nikamtazama. Desturi ya jioni ile ni kupokea mlangoni na kwenda zako, haingii mtu. Bakuli bado liko mikononi mwake, na mgeni wake keshapita ukumbini. Nilitaka kuita, kumwambia toka, siyo hivyo. Lakini bibi aligeuka akamfuata, na mlango akauacha wazi kidogo, na mimi nikabaki barabarani nimekumbatia basi, watoto wenye pembe wananipita wananishangaa.

Kwa hiyo niliwasikia. Nilimsikia bibi akimwambia akae. Kisha akamuuliza lile swali, ana miaka mingapi, nikafumba macho. Mwanangu hakudanganya.

"Kumi na minne," alisema kwa Kiingereza chake cha shule. "Lakini hii ni mara yangu ya kwanza."

Nikasikia bibi akiliweka bakuli mezani.

"Basi ile karatasi haikuhusu," akasema. "Niliiandika kwa ajili ya waliozoea."

Baadaye kidogo alimuuliza kwa nini hakuvaa kitu cha kutisha. Mwanangu akamwambia basi linatisha, muulize anayelingoja kwenye mvua. Nikasikia bibi akicheka, na juu ya kicheko chake, kicheko kingine, cha wazi, kisicho na mkono mdomoni. Nilichelewa kutambua ni cha nani. Kwenye simu kilikuwa kinakatika kabla hakijafika mwisho; sasa nilikisikia kizima, nikiwa nje ya nyumba ya mtu, na nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Alitoka na mfuko umejaa na kipande cha keki alichofungiwa cha kuniletea. Mwenye mkono wa birika ndiye huyo, nimeila keki yake. Karatasi hakuibandua, ilikaa hadi mvua ikaiondoa. Lakini mzee wa Nakuru aliniambia kwamba kila mrefu aliyefika pale baadaye jioni ile bibi alimuuliza kama ni mara yake ya kwanza, na wote, hata wenye ndevu, walisema ndiyo, wakapewa.

Mwanangu akalivaa tena basi lake, akataka kurudi kwa mzee kumwonyesha alichopata. Nikamwacha aende, nikatangulia nyumbani kuteleka chai. Maziwa yalikuwa yanaanza kupanda niliposikia mlango wa mbele umegonga ukuta, miguu inakimbia ukumbini, kisha mlango wa jikoni umesukumwa kwa pembe ya boksi na boksi likachanika.

"Mamii, nina njaa, umepika nini?"

Mdomo umejaa chokoleti. Viatu viko miguuni, tope la mtaa mzima juu ya sakafu yangu. Hodi hakuna.

Chai ikafurika jikoni, nikaiacha ifurike. Sikugeuka. Ningegeuka angeuona uso wangu, angekumbuka adabu zake, angerudi mlangoni kuanza upya. Nikashika ukingo wa jiko nikavuta pumzi, kisha nikapaza sauti ambayo sikuwahi kuitumia ndani ya nyumba ile.

"Viatu! Nimepiga deki asubuhi, wewe unaniletea tope? Kavue, uje uoshe vyombo hivi."

"Aa, mamii, kesho."

"Leo."

Akaondoka akinung'unika kwa Kiingereza, akaubamiza mlango.